Pambano la Fatumo na Sharifo

Hebu niambie, wewe ukiitwa kwenye pambano, ungekwenda na nini mkononi? Fatumo wa Galbet alikwenda na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, tena ameshainywa nusu.

Chanzo ni mjukuu wake Hani. Harusi yake ilikuwa Ijumaa, na wanawake wa pande mbili wangetambiana kwa buraanbur, yale mashairi ya kike ya kupokezana kwa ngoma. Basi Hani akatuma tangazo kwenye simu za watu: PAMBANO! Fatumo wa Galbet na Sharifo wa Liboi. Sharifo ndiye mama wa bwana harusi.

"Pambano?" Fatumo aliguna. "Kwenye pambano mtu alitoka mbele ya jeshi na ngao yake, wa upande wa pili akatoka, wengine wote wakashusha mikuki wakatazama. Mimi ngao yangu ipi, hili sinia?"

"Ayeeyo, bibi yangu, siku hizi pambano ni lolote. Mpira, kura, hata wapishi wa televisheni."

"Basi hata wewe na kitanda asubuhi ni pambano. Na kila siku kitanda kinashinda."

Hani akacheka mpaka akaketi chini. Fatumo hakucheka sana. Binti huyu alibakiza mwaka mmoja chuoni, na Sharifo alitaka ahamie kwao Liboi, mbali na chuo, mara tu baada ya harusi. Jambo hilo lilimkaa Fatumo kooni wiki tatu. Angemwambiaje Sharifo, mkwe mgeni, kabla hata hajamkaribisha mkekani?

Ijumaa ngoma ikalia. Sharifo akainuka na shali yake, akaimba kwamba wanawake wa Galbet hupanda tuktuk hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Vigelegele! Fatumo akamjibu kwamba vumbi la Liboi ni jingi mno, ngamia hupiga chafya kwa zamu. Wakapokezana hivyo, jasho likawatoka, na kila alipopigwa Sharifo alicheka kuliko wote.

Zamu ya nane, ngoma ikamngoja Fatumo. Ubeti alikuwa nao, tena mkali. Akaumeza. Katika buraanbur, anayeacha mashairi akasema maneno makavu ameshindwa. Hata mtoto anajua.

"Abaayo Sharifo, dada yangu," akasema, makavu kabisa, "niachie Hani mwaka mmoja amalize chuo, ndipo umchukue."