Sotet ya Linah Ilioshwa na Sabuni

Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikipotea njia mnivumilie. Hii maneno ilifanyika hapa kwetu Kabazi, mwaka huu, wakati wa mvua. Mvua ilikuwa mbaya, imebeba hata daraja, lakini si hiyo nataka kusema.

Kijana yangu Kimaiyo alikuwa anarudi Jumapili kutoka Qatar. Kwetu mtu akitoka mbali hivyo anapokewa na mursik, ile maziwa tunalaza kwa kibuyu mpaka inaganda. Kibuyu tunaita sotet. Yetu aliacha marehemu bibi yangu, Linah. Haioshwi na kitu ingine, inasuguliwa ndani na makaa ya mti, na hapo ndio utamu unatoka. Kimaiyo alinipigia simu: "Baba, usichinje. Mimi nataka tu ile ya mama."

Sasa nimetoka kukamua, naingia jikoni, namkuta mjukuu wangu Chemutai, wa gredi ya tano, ameweka sotet kwa beseni. Povu inamwagika kwa mdomo ya kibuyu.

Nilishika mlango.

"Kugo, ni homework," akaniambia. "Tuoshe chombo ya maziwa na maji moto na sabuni. Halafu unipige picha utumie mwalimu."

Nikainua sotet nikanusa. Linah hakuwa huko ndani. Kulikuwa na sabuni ya unga.

Asubuhi nikaibeba mpaka shule. Mwalimu Sitati ni kijana mpole wa Bungoma. Nikamwekea kwa meza. "Nusa."

Akanusa. Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Mzee, pole sana. Hii silabasi ni ya Kenya mzima. Ni ya mtoto wa Mombasa, na ya yule wa mtaa ya Rhonda, huko mjini, hajawahi kuona ng'ombe akikamuliwa."

"Na hao watu wakikaa kupanga, wanaangalia nini?"

"Wanaangalia umri ya mtoto, mahali anaishi, wazazi wanataka nini, vitu za kufundishia ziko ama haziko."

"Sasa hapa Kabazi waliangalia nini?"

"Hapa walituachia nafasi, tuite nyinyi wazee wa hapa. Ni mimi sijaita." Akasimama. "Sasa nimeita. Kuja ufundishe."

Nikaingia darasa nimejaa kifua. Nikainua sotet, nikawaambia watoto hii hatuoshi na sabuni, tunatumia makaa. Kijana mmoja, Gedion, akauliza, "Makaa ya mti gani, mzee?"

Nikageuza sotet nikaangalia ndani.

Hiyo ya makaa ilikuwa kazi ya wanawake. Maisha yangu yote nimeketi karibu na huo moto nikingojea kikombe, na mti sijui. Linah alienda nayo.

"Mti... ya kawaida," nikasema.

"Hata blue gum ni ya kawaida," Gedion akasema, na darasa ikacheka.

Halafu sauti ikatoka nyuma. Chemutai.

"Ni senetwet. Ile iko nyuma ya boma ya ng'ombe. Unachoma, unatia kaa ndani, unasugua mpaka ikuwe unga, unapangusa. Gogo Linah alikuwa ananishikisha."

Nikamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Ndio."

"Na ukaweka sabuni?"

"Ile ya gogo haina marks, kugo."

Mwalimu Sitati aliangalia dirisha. Mimi nilikalia kiti ya mtoto, magoti imefika kidevu, na hakuna mtu alicheka tena.

Hiyo jioni tulichoma senetwet. Nilishika sotet, yeye akasugua, akatoa, akarudia tena na tena, mpaka pua yake ikakuwa nyeusi. Nikampiga picha nikatumia mwalimu, halafu tukalaza maziwa ndani.

Jumapili Kimaiyo akashika kikombe na mikono mbili. Akaonja. Akaniangalia.

"Baba, mlibadilisha ng'ombe?"

Chemutai aliinamisha kichwa. Mimi nikakohoa.

Kimaiyo akaonja tena, polepole, macho imefungwa. "Hapana," akasema. "Ngoja. Mama yuko. Yuko huku chini."

Akanywa yote, na sabuni yake, akamnyooshea Chemutai kikombe aongezwe.