Dawa ya Samaki

Kaa walikuwa wanatoka majini. Konsolata alishusha ndoo, akaduwaa. Katika kijito kile kumwona kaa mmoja ilikuwa bahati. Sasa walipanda ukingoni kundi zima, wakiyumba kama watu waliotoka kilabuni kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, miguu ikicheza hovyo, mapovu yakiwatoka kinywani. Wengine walikwisha pinduka chali. Chini yao, wadudu wa maji waliokufa walikuwa wamelala tabaka juu ya tabaka, laini, weusi, kama machicha ya pombe iliyochacha. Aligusa kwa kidole cha mguu. Utelezi ukamganda. Akaufuta mguu kwenye nyasi.

Akainua macho kufuata kijito kilikotoka. Hakuhitaji kuambiwa. Kule juu kulikuwa na bwawa la mumewe.

Laurenti alilichimba biashara zilipofunguliwa, ile miaka kila mtu aliyeuliza aliambiwa ruksa. Wenzake kijijini Mahongole walifunga mashine za kusaga, wengine wakauza mitumba. Yeye akafuga perege. Perege wakapata chawa, vidudu bapa vilivyowaganda ubavuni na kuwanyonya damu. Ndipo alipokwenda Makambako, akaingia duka la pembejeo la Awadhi, akasema, "Nipe dawa ya samaki." Awadhi hakuwa nayo. Alikuwa na dawa ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe. "Kupe na chawa ukoo mmoja," akasema, akampa makopo mawili. La kwanza Laurenti alilimwaga bwawani jana. La pili lilikuwa uvunguni mwa kitanda, limwagwe leo jioni kumaliza mayai ya chawa. Na maji ya bwawa hayakuwa na kwenda kwingine: yalitoka kwa mfereji, yakaingia kijitoni, hapo hapo Konsolata alipochota ya kumpikia uji mwanawe Fredy, na majirani walipomwagilia vinyungu, bustani zao za bondeni.

"Kamwene, Mama Fredy."

Alikuwa Bibi Hulda, jirani wa ng'ambo. Mkononi alining'iniza bata wawili kwa miguu, shingo zao zikipwaya kama kamba.

"Kamwene, Bibi. Wamefanya nini?"

"Wamekula hao kaa. Hata kumeza hawakumaliza."

"Baba Fredy anasema ni dawa tu."

"Dawa!" Hulda akatema mate. "Dawa ya mtoto humponya mtoto. Dawa ya panya nayo humponya panya? Hii ya mumeo ni dawa ya upande gani?"

"Samaki wake wazima, Bibi. Wanang'aa."

"Bibi yangu alitwanga majani ya utupa, akayatia mtoni, na yeye aliita dawa ya samaki. Walielea, tukala. Huyu wako ameponya samaki akaua mto. Kichwa kama hicho sijawahi kukiona."

Konsolata alirudi nyumbani na ndoo tupu. Alimkuta Laurenti mbele ya kioo, anachana nywele na kupiga mluzi. Mansoor, mwenye hoteli ya Lyamkena wanapolala madereva wa malori, alikuwa anakuja adhuhuri kuonja samaki. Wakimpendeza, atawachukua wote, na wengine kila wiki.

"Baba Fredy, kaa wamekufa. Bata wa Bibi Hulda wamekufa. Kopo la pili usilimwage."

"Kaa?" Laurenti akacheka. "Kwani wewe umeolewa na mfuga samaki au mfuga kaa?"

"Maji yale ndiyo anayonywa mwanao."

"Maji yanatembea, mke wangu. Uchafu ukipita umepita. Kaanga samaki, mgeni yuko njiani."

Akakaanga. Samaki walikuwa wazuri, magamba yakimeta kama shilingi mpya, na uzuri huo ndio uliomtia kinyaa. Alipopasua mashavu, harufu ya josho ikampiga puani, kali, ile ile ya ngozi ya ng'ombe aliyetoka kuogeshwa. Alitia kitunguu. Alitia ndimu. Harufu ilikaa pale pale, kama mgeni asiyejua kuaga.

Mansoor akafika na pikapu yake, mtu mnene, mcheshi, kofia ya viua kichwani. Wakasalimiana, akanawa, sahani ikawekwa kati. Bonde lile lina desturi: anayekaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni, iwe ulanzi, iwe chakula. Wanaita kutoa sumu. Mansoor ulanzi hakuujua, lakini desturi aliijua. Akakunja mikono ya kanzu, akasubiri.

"Haya, Bwana Laurenti, toa sumu tule!"

Laurenti akacheka peke yake. Mkono ukanyooka, ukafika ukingoni mwa sahani, ukarudi kukuna kidevu.

"Mimi leo tumbo limenivuruga," akasema. Kisha akaisukuma sahani. "Mama Fredy, onja wewe."

Konsolata akamtazama. Kumbe alijua! Ndiyo maana jana alijisugua mikono kwa majivu mpaka ikachubuka. Ndiyo maana alimgombeza Fredy asikaribie bwawa. Alijua, akalala usingizi, akachana nywele, na sasa mkewe ndiye wa kutiwa kinywani kile ambacho yeye kimemshinda. Samaki walimtia kinyaa, lakini si kama mkono ule wenye kusukuma sahani.

"Sili," akasema. "Na wewe, Bwana Mansoor, usile. Twende kwanza ukaone kijito."

"Konsolata!" Laurenti aliruka. Miaka yote hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya mgeni.

Mansoor akanyanyuka, akamfuata, Laurenti nyuma yao. Ukingoni kaa walikwisha anza kuvunda, nzi wamewavaa. Alivuta ukosi wa kanzu akaziba pua.

"Astaghfirullah. Bwana Laurenti, mimi nalisha watu."

"Samaki wangu hawana hata chawa mmoja!"

"Sasa mbona huli?"

Laurenti akamsukuma kaa mmoja kwa kiatu, akamrudisha majini.

Konsolata alikuwa ameshaondoka. Alirudi na kopo la pili limefungwa ndani ya gunia, akalitupa nyuma ya pikapu. "Mrudishie Awadhi," akasema. Mansoor akasita, akalitazama kama mtu aliyepewa nyoka, kisha akaitikia kwa kichwa.

Pikapu ilipoondoka, Konsolata alichukua jembe. Bibi Hulda alipomwona anachimba udongo, alikuja na lake bila kuuliza. Waliziba mfereji unaoingiza maji bwawani, kisha ule unaoyatoa, wakashindilia kwa miguu. Laurenti alisimama juu ya tuta akipiga kelele.

"Samaki watakosa hewa! Wataoza humo! Bwawa ni langu!"

"Ni lako," Konsolata akajibu bila kuinua kichwa. "Baki nalo na uozo wake."

Kazi ilipokwisha, mikono yao ilikuwa na matope mpaka viwikoni. Kwa mazoea walishuka wote wawili kijitoni kunawa, wakainama, wakawaona kaa, wakainuka bila kugusa maji. Hulda akang'oa majani makavu, akampa nusu, wakajifuta nayo, wakashika njia ya mlimani kutafuta chemchemi.