Ufunguo wa Kuazima

Seva haijui sura ya mtu. Haijali umetoka tumbo moja na nani. Programu ikibisha hodi kuomba kitu, kompyuta hiyo kuu huuliza ufunguo tu, ule msururu wa herufi na tarakimu ambao kila fundi wa programu pale maabara alipewa wake. Ukiwa sahihi inafungua, na jina la mwenye ufunguo linabaki kwenye kumbukumbu.

Mama Seva, ndivyo wenzake walivyomtania, aliyajua hayo kuliko wote. Lakini mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi kwa kumbembeleza mkuu wiki nzima, alikuwa bado hajapewa ufunguo. "Dada, niazime wako, leo tu, nijaribu programu yangu." Nani angemnyima kitindamimba aliyemlea mgongoni? Akampa.

Kesho yake majibu ya vipimo vya wagonjwa mia tatu hayakuwapo. Mama Seva alielewa papo hapo: mdogo wake alielekeza programu kwenye seva ya kazi, yenye majibu halisi, badala ya ile ya majaribio. Ikatuma maombi mia tatu ya kufuta, yote yamebeba ufunguo wa dada yake.

Mkuu aliwaita wote wawili, akawageuzia kompyuta waone jina lililobaki kwenye kumbukumbu. "Mama Seva, kuna mtu mwingine ana ufunguo wako?"

Hakujibu. Hakuwa anaogopa, alikuwa anampa mdogo wake nafasi aseme mwenyewe, maana kosa la kujisemea huwa jepesi.

"Mimi sijui, bosi," mdogo wake akasema. "Ila dada siku hizi amechoka sana. Namwambia apumzike, hasikii."

Na machozi juu! Ya kumwonea dada huruma! Mama Seva alitaka kusema ukweli, lakini ungemsaidia nini? Pale kuazimisha ufunguo nako ni kufukuzwa. Aliumia. Angetendwa na mgeni asingeumia hivyo.

Saa sita alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi. Mdogo wake akaja, akasimama mlangoni.

"Dada, bosi kaniambia nishike kazi yako. Ile programu ya kupeleka majibu wodini, naiwashaje?"

"Anza na faili la pili, la kwanza liache," akajibu, kwa mazoea ya miaka yote ya kumfundisha, kabla hasira haijamfikia.

Mdogo wake akashukuru, akavuta kiti cha dada yake, akakaa.