Ufunguo wa Mama Mtwangaji

Katika Voi nzima hakuna kitu kinachojitingisha ambacho siwezi kukueleza kinatingishwa na nini. Nikikitazama mara moja tu, kimekwisha.

Ndiyo maana nilimshuku Miraj, fundi saa wa karibu na stesheni. Kama mimi, alipenda kuunda watu wa bati akiwa hana kazi. Mtu wangu alikuwa mkulima, nimemkata kwenye debe la mafuta ya taa. Ukizungusha mpini, analima; ukiuacha, anasimama kama kibarua aliyeona nyapara kaondoka. Mtu wa Miraj alikuwa mama anayetwanga. Huyo hakuzungushwa na yeyote. Alitwanga peke yake, ta, ta, ta, huku Miraj amekunja mikono anatabasamu.

Peke yake? Na bati ni lile lile la debe?

"Tazameni meza yake," niliwaambia watu barazani. "Kitambaa kinafika chini. Halafu tazameni miguu. Huyu bwana akiwa kazini havai viatu. Kuna uzi, na uzi unavutwa na kidole gumba."

Watu wakaanza kuinama wakipita. Miraj akaniambia, "Gibson, msomi wetu, vua viatu na wewe. Pengine mkulima wako atapata nguvu." Wakacheka. Mimi nikazidi kumshuku, maana mtu asiye na hatia angekasirika.

Tena haukuwa mchezo. Ijumaa alasiri Mwalimu Obadiah, mwalimu wa ufundi, angekuja dukani kwa Miraj kuona kazi zetu wawili, na katika karakana yake ilibaki nafasi moja tu ya mwanafunzi. Miraj alikuwa na duka. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari, na jembe la baba likiningoja kwetu Mgange, milimani. Hilo halikuwa la bati.

Ijumaa mchana nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya duka lile, mkulima wangu mapajani, Miraj alipotoka kwenda msikitini. Akageuka mlangoni. "Mwanaesha, huyu mama umtie ufunguo kabla mwalimu hajafika. Bila ufunguo hafanyi kazi."

"Nitamtia, kaka," dada yake akajibu kutoka jikoni.

Ufunguo! Basi yule mama ana mlango, na mlango haufungwi bure. Miraj alipopinda kona, nikaingia.

Duka lilikuwa kimya. Nyuma ya pazia mahamri yalikuwa yakikaangwa. Mgongoni mwa mama, chini ya fundo la leso, palikuwa na tundu, na ufunguo mdogo umo ndani. Nikauzungusha ili nifungue. Haukufungua. Nikauzungusha tena. Kitasa gani hiki? Kadiri nilivyozungusha ndivyo kilivyokaza, nami nikasema moyoni, kweli siri ya Miraj ni kubwa. Nikatia nguvu zote za Mgange. Ndani kikalia kitu, tak, kama mfupa wa kuku, na ufunguo ukachomoka, ukanibakia mkononi. Nikautia mfukoni, nikatoka.

Alasiri mwalimu akaja. Mkulima wangu alilima vizuri sana. Mama wa Miraj alisimama tu, mchi juu. Miraj akamgusa bega, akampapasa mgongo, uso ukamshuka.

"Uzi umekatika," nikasema kwa upole. "Mwalimu, mimi niliwaambia watu."

Mwalimu Obadiah akainua kitambaa cha meza. Chini palikuwa na viatu vya Miraj. Akachukua bisibisi, akamfungua mama mgongo, akatoa kipande cha chuma chembamba kilichojikunja.

"Uzi sioni," alisema. "Kamani ndiyo imekatika. Ametiwa ufunguo kupita kiasi, kama saa."

"Kwani saa inatiwa ufunguo?" nikauliza. "Kwetu milimani saa inakazwa."

Nilipokwisha kusema ndipo nilipoelewa. Miraj alikuwa ananitazama.

"Mwanaesha," akaita, macho hayajaniacha, "mama ulimtia ufunguo vipi?"

"Mimi sikumtia." Mwanaesha alitoka nyuma ya pazia, mikono imejaa unga. "Nilipochungulia nilimkuta kaka Gibson anamtia, tena kwa bidii, ulimi nje. Nikasema, kumbe ana roho nzuri. Nikarudi kwenye mahamri yangu."

Miraj akanyoosha kiganja mbele yangu. "Na ufunguo wangu uko wapi?" Mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni.

"Mfuko wa kulia," akajibu Mwanaesha.