Jiwe la Fundi Uweso

Kwenye baraza ya hospitali moja ya mjini Tanga, ambayo haina haja ya kutajwa, foleni ya upasuaji ya Jumanne ile ilikuwa na watu tisa na mawe ishirini na matatu. Ulikuwa mwaka wa themanini na tano, na hakuna aliyeshangaa kuona jiwe kwenye foleni. Watu walikuwa wameyapanga mawe yao kwa ajili ya sukari, sabuni na mafuta ya taa kwa miaka, na jiwe lilikuwa na heshima yake. Halirukwi, na zamu ikisogea nalo linasogezwa.

Fundi Uweso alileta jiwe la tumbawe la kiasi cha kichwa cha mbuzi, alilolichomoa kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu babake huko Kigombe. Alikuwa fundi cherehani Ngamiani. Kwa miaka mitatu cherehani yake ilikaa bure kwa kukosa vitambaa. Vitambaa viliporudi madukani, akawa anashona tangu alfajiri hadi magharibi juu ya kigoda cha mbao, na bawasiri iliyokuwa ikimchokoza kidogo kidogo ikapata nafasi ya kumshika sawasawa. Mkewe, Thuwaiba, aliambiwa ni tumbo. Thuwaiba ndiye aliyekuwa akifua nguo, kwa hiyo alijua.

Daktari Manase, aliyekuja kupasua mara moja kwa mwezi, alimpima na kumweleza bila kuona haya.

"Ile inayotoka ikarudi yenyewe haitaki kisu. Mtu anakula mboga na matunda, anakunywa maji mengi, anakalia beseni la maji ya uvuguvugu, na haendi kufanya makazi chooni. Ile inayorudi kwa kusukumwa na kidole tunaifunga kwa kimpira, inakauka na kudondoka. Vimpira vimekwisha tangu mwaka juzi. Yako wewe hairudi kabisa, na damu inayokutoka ni nyingi kuliko unayotengeneza. Hiyo ni ya kukatwa, tena upesi."

"Upesi ni lini, daktari?"

"Foleni ikikufikia. Uje na glavu, uzi, spiriti na pamba."

Glavu zilipatikana kwa magendo kutoka Mombasa. Uweso alivifunga vitu vyote ndani ya leso, akavikabidhi kwa muuguzi, Sista Beatrisi, naye kila Jumanne ya upasuaji aliviweka juu ya jiwe. Mwezi wa tatu wa kungoja, vitundu vya chini vya lile tumbawe vikaanza kuvuja. Sista Beatrisi akatandika gazeti.

"Fundi, jiwe lako linatoka damu," alisema mzee mmoja wa nyuma zaidi kwenye foleni.

"Hata mimi," Uweso akajibu.

Mwezi wa tano viganja vyake vilikuwa vyeupe, na ngazi tatu za baraza alizipanda kwa kupumzika mara mbili. Lakini jiwe lilikuwa la kwanza. Uweso alikuja mwenyewe, akakunja kikoi chake cha pili na kukikalia ubavuni pa jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani alicheka.

Saa nne kasoro robo akabanwa. Mwenye ugonjwa ule habanwi kama wengine. Akiingia chooni anakaa huko nusu saa, ameshika ukuta, akijiombea. Alikuwa huko jina lake lilipoitwa. Jiwe lilikuwa mahali pake, na vifaa vyake, likitoka damu. Wahudumu wawili wakalipakia kwenye machela.

Alipotoka, Daktari Manase alikuwa ananawa mikono.

"Upasuaji umekwenda vizuri sana," alisema.

"Daktari, mgonjwa ni mimi."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nje kulikuwa na wengine thelathini na mmoja. Alilitazama daftari. "Glavu zimetumika, uzi umetumika, na jina limeshapigwa mstari. Itabidi uanze nyuma."

Uweso akaanza nyuma, kwa jiwe jingine. Lile la kwanza aliruhusiwa kwenda nalo nyumbani, na masharti yake: beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, chakula laini, wiki nne lirudi kuangaliwa. Nyumbani beseni lilikuwa moja. Jiwe lilitangulia, kwa kuwa ndilo lililokuwa na kidonda, kisha akakaa Uweso maji yakiwa yamepoa. Siku ya tisa jiwe likakauka. Uweso alishona wiki mbili zaidi, amekalia tako moja, akimaliza sare za shule. Alikufa Alhamisi, na Ijumaa wakamzika Kigombe. Thuwaiba alilia mpaka sauti ikamkauka, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa na dawa.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya jiwe kurudi na kadi yake. Hakukuwa na mwingine wa kulipeleka, basi Thuwaiba akatoka edani kwa saa moja, kapu mkononi. Daktari Manase aliligeuza jiwe, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Kidonda kimefunga. Choo je?"

"Hapati choo."

"Aongeze maji."

"Mwenyewe tumemzika Ijumaa, daktari."

Kalamu ilisimama. Daktari alimpa pole, pole ya kweli, kisha akaandika kwenye kadi: Amepona.

Barazani, mhudumu alikuwa akiyasogeza mawe mbele. Lile jingine la Uweso lilikuwa la kumi na tisa. Mzee yule aliyemwambia fundi habari ya damu alikuwa amefika wa pili. Alimwona Thuwaiba na kapu lake, akainuka kidogo.

"Mwanangu, pole na msiba. Hilo jiwe limeshaijua njia ya ndani. Niazime."

Thuwaiba alimtazama viganja. Vilikuwa vyeupe.

"Shikamoo, babu," alisema. "Kaa mwenyewe. Hata ukibanwa, usiinuke."