Maneno Kumi ya Shangazi

Karani wa dirisha la maombi ya taarifa alihesabu maneno ya shangazi yake kwa ncha ya kalamu, kama waraka mpya ulivyoagiza: kila mwananchi, swali moja kwa mwaka, lisizidi maneno kumi. Shangazi alikuwa ameandika kistaarabu. "Hamjambo wanangu? Poleni na kazi. Mimi ni mzima. Naomba kujua kwa nini dari ya wodi ilimwangukia binti yangu."

La kumi lilikuwa "kujua". Karani akakata yaliyobaki, akagonga muhuri, akaandika jibu: Hatujambo.

"Ndiyo nini hii?"

"Ndio utaratibu, Shangazi. Njoo mwakani."

"Mwakani! Kumbe hata salamu mnahesabu?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Huyu ndiye aliyemlea, na huyo binti walikula sahani moja. Tena ripoti ya dari aliijua vizuri mno, kwa sababu ni yeye aliyeipaka wino mweusi juma lililopita, mstari kwa mstari.

Tangu siku hiyo ya wino, mistari aliyoifuta ilikuwa ikitokea mgongoni mwa shati lake, kwa herufi za taipu. Mkewe aliloweka, akasugua kwa brashi, akasalimu amri. "Kola imetakata," alisema, "ila ukurasa wa nne umegoma." Karani alipobadilisha shati, maneno yalihama naye. Kazini mkuu wa idara alisoma mgongo wote kwa utulivu, akasahihisha koma moja, kisha akaagiza kiti cha karani kisogezwe ukutani.

Sasa, pale dirishani, Shangazi hakuondoka. Aliinamia tundu la kioo. "Mkeo ameniambia habari za hilo shati. Geuka, mwanangu. Geuka tu, nitasoma mwenyewe."

Ilikuwa kugeuka tu, jamani. Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni, akichezea funguo.

"Hilo ni swali la pili, Shangazi," karani alisema, macho kwenye muhuri.

Shangazi akaikunja ile Hatujambo mara nne, akaitia kwenye mkoba. "Haya. Nisalimie watoto."

Karani alibaki ameegemea ukuta. Mgongoni mwake iliandikwa kwamba fundi alionya mara tatu kuhusu ile dari, kwa barua, na zote tatu zilipokelewa na kugongwa muhuri kwenye dirisha hilohilo. Akamwita anayefuata.