Kipimahewa cha Dobi

Nimekufa, nimeoza. Heri niseme mwenyewe mapema, maana shangazi yangu ameshawatangazia wateja wote kwamba dobi wao siku hizi anapiga pasi huku anaimba.

Yote yalianza na mvua. Mimi huanika nguo juu ya paa na kupiga pasi chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa hiyo mvua ikinyesha mimi ndiye wa mwisho kujua. Wiki moja nililoweshewa nguo mara tatu. Nikaenda duka la vifaa vya umeme kutafuta kipimahewa cha nyumbani, chenye waifai, kitakachoniita kwenye simu tone la kwanza likidondoka.

Muuzaji alikuwa navyo vitatu. Nikakionyesha kile kikubwa kuliko vyote, chenye vikombe vya kuzungushwa na upepo na skrini ya rangi kama runinga.

"Hicho hakikufai, dada," akasema. "Kinapima mpaka unyevu wa udongo. Una shamba juu ya paa?"

"Nina shuka."

"Basi chukua hiki kidogo. Joto, unyevu wa hewa, mvua, basi. Kile utalipia vitu usivyovitumia."

Jamani! Muuzaji anayekataa kuuza! Nikamtazama vizuri. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vibaya, mkono mmoja una mikunjo miwili. Moyo wangu ukaenda wote. Kuanzia dakika ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, mtu yule anipende.

Sasa utaanzia wapi kumwambia? Nikasema nitafikiria. Kesho yake nikarudi kuuliza kama betri zinavumilia jua. Keshokutwa nikauliza njiwa akikalia kile kidude cha nje, kitasema kuna mvua?

"Inategemea njiwa amekula nini," akajibu, wala hakucheka.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku ya nne nikauliza kama skrini inasomeka bila miwani, na mimi miwani sijavaa maishani mwangu. Kila swali alilijibu taratibu, akikitoa kifaa kwenye boksi na kukirudisha, lakini usoni sikusoma kitu.

"Nunua au acha," shangazi akaniambia. "Soli za viatu zinaisha."

Nikanunua. Akaja mwenyewe kukifunga juu ya paa, akakijaribu, akasema tayari, nisubiri mvua tu. Chai akaikataa, akaondoka. Nikajua ndiyo basi tena, na usiku ule nililia kidogo, nisiwe muongo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilianika shuka arobaini za nyumba ya wageni. Niko chini na pasi yangu, simu ikaita. Si kipimahewa. Ni yeye.

"Anua! Anua nguo, dada! Kwako kunanyesha!"

Nikapanda ngazi mbili mbili, shangazi nyuma yangu anataja majina ya Mungu. Kweli, matone yameanza. Tukavuta shuka, tukarusha vibanio huku na huku, na kufumba na kufumbua yeye naye akatokea mlangoni, ametoka dukani mbio, kalowa chapachapa. Akaanza kuanua upande wa pili bila kuulizwa. Zikaokoka thelathini na nane.

Tulipoingia ndani ndipo hasira iliponipanda.

"Wewe umejuaje? Kifaa changu mimi hakijaniambia kitu!"

Akatazama viatu vyake. "Siku ile nilikijaribu kwa simu yangu. Nikasahau kukiunganisha na yako."

"Ukasahau siku tisa?"

"Nilisahau siku moja," akasema. "Hizo nane nilikumbuka. Nikiamka, hata mswaki sijapiga, naangalia juu kwako kuna joto kiasi gani. Nimekosa, dada. Niliogopa nikikuunganishia wewe, sitakuwa tena na sababu ya kujua habari zako."

Shangazi akajikohoza. "Mapenzi na kikohozi havifichiki," akasema, akakaa vizuri juu ya kapu la nguo ili asikose neno.

Yule bwana akaifuta simu yake kwa ncha ya shuka yangu safi. "Lete simu yako nikuunganishie sasa hivi. Mimi najitoa."

Nilitaka kucheka, kulia na kuruka, vyote kwa mpigo.

"Niunganishe," nikamwambia. "Lakini wewe usijitoe."